Kazi Nyingine Atakazopangiwa: Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Hospitali Yetu

Kwa:
Mganga Mfawidhi,
Muuguzi Mfawidhi,
Katibu wa Afya,
na wajumbe wote wa Timu ya Uendeshaji wa Hospitali.

YAH: HESHIMA NA MZIGO WA KAZI KWA WAHUDUMU WA AFYA

Ndugu viongozi wetu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhudumu wa afya (si muuguzi wala daktari) katika hospitali yetu, na huu ni mwaka wangu wa 17. Nimepita wodi ya wazazi, wodi ya watoto na chumba cha kufungia vidonda, na miaka 6 ya mwisho niko wodi ya wanaume. Sijawahi kuandikiwa barua ya onyo wala kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Nalitanguliza hili kwa kuwa najua barua ya namna hii ikifika mezani, watu huanza kuuliza "huyu ni nani" kabla hawajasoma anachosema.

Sikupenda kuandika hadharani. Tulianza ndani, kwa utaratibu. Mwezi wa tatu mwaka jana wahudumu 11 tuliandika barua, tukaipitisha kwa wakuu wa wodi. Haikujibiwa. Mwezi wa sita tukaandika ya pili, tukaipeleka wenyewe masjala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Nayo haikujibiwa. Katika kikao cha watumishi cha mwezi wa tisa, jambo letu liliwekwa chini ya "mengineyo". Mengineyo yalipofikiwa ilikuwa karibu saa 11 jioni, watu wamesimama, magari ya mwisho yanaondoka, na kikao kikafungwa kabla hatujafungua mdomo. Tangu hapo, kila tukiuliza tunaambiwa "linafanyiwa kazi". Umepita mwaka, na hakuna aliyekuja kutuuliza hata swali moja juu ya hicho kinachofanyiwa kazi.

Basi naomba nieleze hapa, hoja kwa hoja.

1. Mstari wa mwisho umemeza kazi yote

Kila aliyewahi kusoma tangazo la ajira serikalini anaujua mstari unaofunga orodha ya majukumu: kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi. Juu ya mstari huo, majukumu ya mhudumu wa afya yanaeleweka. Kumsaidia mgonjwa asiyejiweza kwenda haja, kumwogesha, kumlisha, kutandika vitanda, kusafisha na kuandaa vifaa, kupeleka sampuli maabara, kuchukua dawa stoo, kumsukuma mgonjwa kwenda eksirei na kumrudisha. Ni kazi nyingi, na ni kazi ya maana. Hatujawahi kuikataa.

Hapa kwetu ule mstari wa mwisho ndio umekuwa ajira yenyewe. Nimetumwa sokoni kununua mchicha wa nyumbani kwa mtu. Nimetumwa chapati, vocha, na kumchukua mtoto wa mtumishi mwenzangu shuleni, na huku nyuma kuna mgonjwa aliyeomba chombo cha haja nikamwambia "nakuja". Niliporudi alikuwa ameshajichafua, amejifunika shuka mpaka kichwani kwa aibu. Alikuwa mtu mzima, baba wa familia, na mkwewe alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Aibu ile aliibeba yeye, na aliyenituma chapati hakuijua.

Tangu kampuni ya usafi iletwe, tuliambiwa sakafu si yetu tena. Ni kweli, mchana. Mkataba wao haufiki usiku. Mgonjwa akitapika saa 8 usiku, anayepiga deki ni mhudumu, na ni yuleyule ambaye dakika mbili baadaye anatakiwa kumlisha uji mgonjwa wa kitanda cha pili.

2. Hesabu ya usiku mmoja

Naomba mnifuate taratibu katika hili, maana huwa tunaambiwa tunalalamika bila takwimu.

Wodi yetu ina vitanda 32. Usiku ninaouzungumzia ilikuwa na wagonjwa 41, baadhi wawili kitanda kimoja, wengine kwenye magodoro chini. Kati yao 9 hawakuweza kujigeuza wenyewe: waliopooza, waliovunjika nyonga, na mmoja aliyekuwa hajitambui. Kila muuguzi hapa alifundishwa, na sisi tumefundishwa naye, kwamba mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya mgongo. Zamu ya usiku ni saa 12, yaani kila mmoja anapaswa kugeuzwa mara 6. Wagonjwa 9 mara 6 ni migeuzo 54. Mgeuzo mmoja, ukiwa na kubadilisha shuka iliyolowa na kumpaka mafuta sehemu zinazobanwa, hauwezi kupungua dakika 10, tena kwa watu wawili. Hizo ni dakika 540. Saa 9 kamili za zamu ya saa 12, kwa kazi moja tu.

Usiku huo tulikuwa wawili, muuguzi mmoja na mimi, na mimi nilikuwa nimepangwa pia kuangalia wodi ya watoto ng'ambo ya veranda. Wagonjwa 32 waliobaki nao wana haja, wana kiu, wana homa. Kuna sampuli za kupeleka maabara. Kuna aliyefariki saa 9 usiku ambaye tulimfunga mimi na muuguzi, kisha nikamsukuma mpaka mochwari pamoja na mlinzi, kwenye machela ambayo gurudumu lake moja halizunguki.

Sikugeuza mara 54. Sikufika hata 20. Asubuhi kwenye raundi daktari alifunua mgongo wa mgonjwa wa kitanda cha 14, akaona ngozi imeanza kufunguka, akauliza kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia: "Nani alikuwa zamu ya usiku?" Hakuna aliyeuliza tulikuwa wangapi.

Rosta yetu inatupanga usiku 7 mfululizo. Usiku 7 wa saa 12 ni saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika kipindi cha wiki 4. Wiki moja yetu ya usiku peke yake inakula saa 39 kati ya hizo 50. Sheria hiyohiyo inampa mtumishi aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Katika miaka 17 sijawahi kupata dakika 60 za kupumzika nikiwa zamu ya usiku. Chai tunakunywa tumesimama karibu na sinki.

Mwenzetu mmoja wa wodi ya upasuaji, mama wa miaka 50 na kitu, mgongo wake ulikatika mwaka juzi akimwinua mgonjwa mnene peke yake. Alipewa mapumziko ya siku 5, kisha akarudi kuinua. Tangu mwaka 2015 nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini hapa hakuna aliyemjazia fomu wala kumwelekeza aanzie wapi.

3. Tunapewa kazi isiyo yetu, kisha tunaachwa peke yetu

Hili ni zito, na nimelifikiria sana kabla ya kuliandika.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka anayefanya kazi ya uuguzi awe amesajiliwa na ana leseni. Mhudumu wa afya hana leseni hiyo. Pamoja na hayo, hakuna mhudumu mkongwe hapa ambaye hajawahi kuambiwa "hebu mchome huyu sindano, mimi niko na dharura", au "mwangalizie dripu, ikiisha uweke nyingine". Na mimi nimefanya. Nakiri. Nilifanya kwa sababu mgonjwa alikuwa mbele yangu na muuguzi alikuwa mmoja, mikono yake yote miwili iko kwa mama anayetokwa damu.

Kazi ikienda salama, hakuna anayekumbuka nani alifanya. Ikienda vibaya, swali linakuwa "mhudumu, nani alikutuma?" Hatuna maandishi ya kuonyesha, kwa sababu maagizo ya namna hiyo huwa ya mdomo siku zote. Hatuombi turuhusiwe kuchoma sindano. Tunaomba tusiagizwe. Na kama upungufu wa wauguzi ndio unaosababisha, basi uandikwe kama ulivyo kwenye taarifa zinazokwenda ngazi za juu, usizibwe kwa mikono yetu halafu ukaonekana haupo.

4. Tunayoyaona kwa mgonjwa hayana pa kusemewa

Kulikuwa na mzee mmoja, nitamwita Babu kwa kuwa ndivyo nilivyomwita siku zote alipokuwa nasi. Alikuwa na mpira wa mkojo. Saa 6 mchana nilimwaga mfuko wake. Saa 12 jioni nilipokuja kumwogesha, mfuko ulikuwa mkavu, na nilipopitisha kitambaa tumbo la chini lilikuwa limekaza kama ngoma. Babu alikuwa mtu wa kuvumilia. Aliniambia tu, "Mwanangu, hapa hapaniachi."

Nilikwenda kwa muuguzi. Alikuwa na wagonjwa wawili wanaoongezwa damu na simu ya maabara sikioni. Alinijibu, "Mama, wewe malizia kuogesha." Nilimalizia. Wakati wa kubadilishana zamu wauguzi walikabidhiana mezani, na mimi, kama kawaida yetu, nilikuwa naambiwa nimwage takataka kabla sijaondoka. Nilimnong'oneza mhudumu mwenzangu aliyeingia. Naye alisema, naye hakusikilizwa. Saa 5 usiku daktari wa zamu alipita kwa ajili ya mgonjwa mwingine, akamkuta Babu analia. Mpira ulikuwa umeziba kwa donge la damu. Ulipozibuliwa, kilitoka zaidi ya lita moja.

Saa 5 nzima mzee wa watu aliteseka na jambo ambalo lilikuwa limeshaonekana, na limeshasemwa mara mbili, na wahudumu wawili tofauti.

Yule muuguzi simlaumu. Alikuja siku ya pili kuniomba radhi, nami nilimwelewa, maana najua alivyokuwa ameelemewa. Ninaoulaumu ni utaratibu ambao haumpi mhudumu nafasi ya kusema. Hatuingii kwenye makabidhiano ya zamu. Kwenye raundi tunatolewa nje ya wodi ili "kupisha". Kitabu cha ripoti haturuhusiwi kukigusa. Na bado ni sisi tunaomvua mgonjwa nguo kila siku. Ni sisi tunaojua choo chake kimebadilika rangi, kwamba leo chakula amekificha chini ya mto, kwamba mguu wa kushoto jana haukuwa umevimba. Mgonjwa anayemwogopa daktari humwambia anayemwogesha.

5. Sindano, glovu na chanjo

Nilichomwa na sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka. Ilikuwa saa 11 alfajiri. Kila anayefanya kazi hospitali anajua kwamba dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 72. Niliambiwa nisubiri ofisi ifunguliwe. Ofisi ilipofunguliwa niliambiwa anayehusika yuko semina. Nilizipata kwa sababu kijana mmoja wa maabara alinishika mkono akanipeleka mwenyewe. Nilimeza kwa siku 28, nikiwa kazini, natapika chooni kisha narudi wodini. Sikujaza fomu yoyote ya tukio kwa kuwa sikupewa. Kwa maana hiyo, katika kumbukumbu za hospitali yetu, mimi sikuchomwa.

Hatari ya kupata VVU kwa njia hiyo ni kama watu 3 kwa kila 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa mtu ambaye hajachanjwa, inaweza kufika 30 kwa kila 100. Chanjo ipo, ni dozi 3 katika miezi 6. Ilipotolewa hapa, orodha ilianza na madaktari na wauguzi, na wahudumu tukaambiwa tungoje awamu ya pili. Hiyo awamu hatujaiona mpaka leo. Lakini anayekunja shuka zenye damu, anayebeba maboksi ya sindano kuyapeleka kwenye kichomeo, anayeosha vyombo vya leba, ni nani?

Glovu tunapewa zilezile nyepesi za kupimia wagonjwa. Kwa kuoshea vifaa vyenye ncha zinachanika mara moja. Mabuti ni jozi mbili kwa wodi, na mguu wangu hauingii kwenye yoyote. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipoingia Kagera, mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki. Wiki zile hospitali yetu iligawa barakoa na aproni kwa kila mtu, tukafundishwa kuvaa na kuvua. Hatari ilipotangazwa kwisha, aproni nazo zikaisha. Sisi damu na matapishi tunavishika kila siku, mwaka mzima, uwe wa mlipuko au usiwe.

6. Majina yetu

Nina jina. Liko kwenye orodha ya mishahara. Lakini wodini naitwa "mhudumu", "mama usafi", na kwa baadhi ya vijana waliokuja mafunzoni juzi, naitwa kwa kupigiwa vidole. Sidai shikamoo ya mtu kazini, ingawa nimelea watoto wakubwa kuliko wao. Ninachoomba ni mtu asinikemee mbele ya mgonjwa niliyetoka kumwosha sasa hivi, kwa sababu mgonjwa huyo akishaona ninavyodharauliwa, kesho naye atanitupia bakuli la uji. Na walishanitupia.

Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, wenzetu huandamana na kuwasha mishumaa, nasi huachiwa wodi. Hatuna kinyongo nao, wanastahili siku yao. Ila mwaka jana hotuba ilishukuru madaktari, wauguzi, maabara, famasia, walinzi na kampuni ya mapambo. Tuliisikia kwenye spika tukiwa ndani tunageuza wagonjwa.

7. Madaraja, mfumo, na wanaojitolea

Tangu PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ianze, kila mtumishi anatakiwa kuingiza majukumu yake kwenye mfumo na kupimwa humo. Wahudumu wengi hatuna simu za kufanyia kazi hiyo wala kompyuta ya kuazima, na hakuna aliyetufundisha zaidi ya mkutano mmoja wa saa moja. Wengine wanamlipa kijana wa stationari mjini awajazie, na nywila zao anazo yeye. Baadaye tunaambiwa alama ni ndogo, daraja halipandi.

Na wapo mabinti watano waliomaliza kozi yao ya mwaka mmoja, wanajitolea hapa. Wanafanya zamu kama sisi, usiku kama sisi. Posho yao inatoka kwenye makusanyo ya ndani, na inapitisha miezi. Mmoja wao hutembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto saa 12 jioni ili awahi zamu ya usiku.

Najua pia majibu ambayo tumezoea kuyasikia, na naomba niyajibu kabla hayajaletwa.

Mtasema ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, haijajaa na kibali cha ajira kinatoka juu. Ni kweli. Tunakumbuka Aprili 2017, watumishi 9,932 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na baadaye lilipokuja suala la kuondolewa kazini waliokuwa na elimu ya darasa la saba. Kada yetu iliumia, kwa sababu wengi waliingia kazini zamani kwa cheti cha darasa la saba. Mwaka 2018 Serikali ilielekeza walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warejeshwe. Hapa waliondoka wahudumu 8, wakarudi 3. Pengo la watu 5 hatukulileta sisi, lakini tumelibeba tangu wakati huo. Na mengi ninayoyaomba hapa chini hayahitaji kibali cha mtu yeyote. Kumwingiza mhudumu kwenye makabidhiano ya zamu hakuna bajeti. Kuacha kumtuma sokoni hakuna bajeti.

Mtasema sisi si wauguzi, hivyo mambo ya wauguzi hayatuhusu. Mkataba Na. 149 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unaozungumzia mazingira ya kazi ya wauguzi, unahesabu humo makundi yote ya watu wanaotoa huduma za uuguzi. Na mgonjwa anayehitaji kugeuzwa saa 8 usiku hamuulizi mtu kada yake.

Mtasema kazi hii ni wito. Nimekuwa nikiitikia wito huu tangu mtoto wangu wa mwisho ananyonya, na sasa yuko sekondari. Daktari ana wito pia, na akitoka zamu ya usiku hulala. Tunaomba tulale kama yeye.

Na yupo atakayesema barua hii inaichafua hospitali. Ndiyo maana sikuandika jina la hospitali wala la mtu. Nimeandika yale ambayo mgonjwa yeyote aliyelala hapa wiki moja ameyaona kwa macho yake.

Tunayoyaomba ni haya:

(a) Kila mhudumu apewe majukumu yake kwa maandishi, na "kazi nyingine" ziwe zile zinazomhusu mgonjwa na wodi. Waraka utoke kwenu, ubandikwe kila wodi, kwamba mhudumu aliye zamu hatumwi nje kwa shughuli binafsi za mtu yeyote, wala haagizwi kutoa dawa au kuchoma sindano.

(b) Usiku, mhudumu mmoja asipangwe wodi mbili. Wodi za wanaume, wanawake na upasuaji ziwe na wahudumu wawili, hata ikibidi kupunguza wa mchana OPD (wagonjwa wa nje). Usiku mfululizo usizidi 4. Saa moja ya mapumziko iandikwe kwenye rosta pamoja na jina la atakayeshika nafasi.

(c) Wahudumu waingie kwenye makabidhiano ya zamu, na kitabu cha ripoti kiwe na sehemu ya "aliyoyaona mhudumu", isomwe na muuguzi anayeingia.

(d) Chanjo ya homa ya ini B kwa wahudumu wote, pamoja na wanaojitolea, ianze na wa leba, thieta na mochwari. Glovu nene za kuoshea vifaa, na mabuti kwa saizi zetu. Daftari la waliochomwa na vitu vyenye ncha liwe wazi saa 24, na dawa za kinga zipatikane usiku bila kungoja ofisi.

(e) Beji zenye majina kwa wahudumu wote, kama walizonazo wengine, na maelekezo kwa vijana wa mafunzo siku yao ya kwanza juu ya namna ya kuongea nasi.

(f) Siku moja kwa mwezi, kompyuta moja ya masjala na mtu mmoja wa kutusaidia PEPMIS. Posho za wanaojitolea zilipwe kwa tarehe inayojulikana.

(g) Kikao kati yenu na wawakilishi wetu 3 pamoja na tawi la TUGHE, chama chetu cha wafanyakazi wa serikali na afya, ndani ya siku 30 kuanzia leo, chenye muhtasari unaosainiwa na pande zote mbili.

Hatujapanga mgomo na hatutaacha mgonjwa. Siku 30 zikipita bila kikao, tutapeleka suala la saa za kazi na la usalama kwa maofisa wa kazi na wakaguzi wa usalama mahali pa kazi, tukiwa na nakala za rosta za miezi 12 ambazo tayari tunazo.

Niko zamu ya usiku mpaka Jumapili. Mkinihitaji, naweza kuja ofisini asubuhi yoyote baada ya saa 2, nikishakabidhi wodi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhudumu wa Afya,
Wodi ya Wanaume
(kwa niaba ya wahudumu 11 waliosaini barua za mwezi wa tatu na wa sita)

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri
Mganga Mkuu wa Wilaya
Katibu wa Tawi, TUGHE
Wakuu wa wodi zote